Feni Isiyo na Waya

Siku ile ilianza vizuri, hata mama akapata nguvu ya kutania viatu vya kaka. Kaka yangu ni seremala, na viatu vyake vya kutokea vilikuwa na gundi ya mbao kwenye ncha. "Baba, usisimame mahali pamoja muda mrefu, utaganda hapo," mama alimwambia, na kaka akacheka huku akimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Ilikuwa siku ya hospitali. Figo za mama zilikuwa zimeacha kazi, na mara mbili kwa wiki ilibidi tumpeleke mji wa pili akasafishwe damu kwa mashine. Akikosa siku moja, anavimba miguu na uso. Akikosa mfululizo, daktari alishatuambia bila kupindisha maneno, tutampoteza.

Kwa hiyo lile gari ndilo lilikuwa uhai wa mama. Nasema hili mapema ili mtu asije kuniuliza baadaye mbona hatukuachana nalo. Mabasi yalikuwa yakijaa watu hadi mlangoni na mama hakuweza tena kusimama, na jirani mwenye pikapu alikuwa amehama. Tulibaki na gari la kaka, jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, ambalo mlango wake wa dereva haufungi mpaka uupige teke. Nilikuwa nikimwambia kaka kwamba gari lake na mama walistahili kulazwa wodi moja. Mama ndiye aliyekuwa akicheka kuliko sote.

Mimi ni fundi cherehani. Naamini kitu ninachoweza kukipima kwa futi. Wateja wangu hunisimulia habari za majini na misukule huku nimebana pini mdomoni, nao hudhani nimekubali kwa sababu sijibu. Ningependa hata leo niwe mtu yule yule.

Tulipofika njia panda ya sokoni, magari yalisimama. Muda si muda mshale wa joto kwenye dashibodi ukaanza kupanda, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kaka alizima injini, akafungua boneti, akainama. Feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa imesimama tuli. Tulisukuma gari, mimi na yeye na wapita njia wawili wenye huruma, mpaka gereji ya Kobe.

Kobe ndilo jina tulilompa fundi wetu, na analijua, wala halimuudhi. Ukimpelekea gari atalizunguka kwanza kama mtu anayenunua ng'ombe. "Usiilaumu feni kabla hujajua inakula nini," alimwambia kaka, akaanza taratibu zake. Alitazama fyuzi, ilikuwa nzima. Akachomoa rilei, kile kiboksi kidogo kinachoipa feni ruhusa ya kuwaka, akaweka rilei ya honi mahali pake. Kimya. Mwisho akavuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuzigusisha kwenye feni yenyewe. Haikutikisika.

"Mota imekufa," alisema. "Na kwa gari la umri huu, feni mpya ni ya kuagiza. Wiki, labda zaidi."

Mama alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, amejitanda khanga, miguu imeshaanza kuvimba. Kaka alimtazama, kisha akatazama nyuma ya gereji. Pale palikuwa na gari kama letu, la aina ile ile, limefunikwa turubai, ubavu mmoja umebonyea.

"Hilo hatuligusi," Kobe alisema kabla hajaulizwa.

Akatueleza desturi ya gereji yao, aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Gari ambalo mtu amekata roho ndani yake halitolewi hata skrubu, mpaka ndugu wa marehemu waje na kufungua milango yote kwa mikono yao, na kuiacha wazi kutwa nzima. "Tunampa nafasi ashuke," alisema. Ndugu wa bwana aliyefia ndani ya gari lile walikuwa wametafutwa na walikuwa hawajapatikana. Niliona haya kwa niaba yake, mtu mzima na akili zake.

"Fundi," kaka alisema, "yule ni mama yangu."

Kobe alisimama akifuta mikono kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa kichafu kuliko mikono. Alimtazama mama kwa muda. Kisha akachukua spana, akaenda nyuma ya gereji, na tukasikia turubai likivutwa.

Feni ile ilikaa kwenye gari letu kana kwamba ilizaliwa humo. Injini ilipopata joto ilinguruma mara moja, ikazunguka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema, na sote tukacheka, hata Kobe, ingawa yeye alicheka kidogo. Tulifika hospitali tumechelewa lakini tulifika. Mshale wa joto haukuvuka katikati njia nzima.

Wakati wa kurudi nilisikia mama ananong'ona nyuma. Niligeuka. Alikuwa ameshika ncha ya khanga na anapepea, taratibu, upande wa pili wa kiti, pasipo na mtu.

"Mama, unampepea nani?"

"Mwenzangu hapa ana joto," alisema.

Niliguswa na huzuni, siyo hofu. Nilidhani ni uchovu wa mashine. Tulipomshusha nyumbani nilimshika mkono, ulikuwa baridi kama wa mtu aliyekuwa akiosha mboga kwa maji ya mtungi.

Siku ya hospitali iliyofuata, gari lilikuwa limelala uani tangu juzi yake. Injini ilikuwa baridi na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kaka, maana alikuwa bado anakunywa chai. Nilimfungulia mama mlango, akaketi, nikaufunga. Feni ikawaka. Kaka alitoka na kikombe mkononi, akanitazama kama mimi ndiye niliyegusa kitu.

"Rilei imeng'ang'ania," alisema. "Hutokea kwa magari ya zamani." Alifungua boneti na kuichomoa rilei. Feni iliendelea. Akachomoa fyuzi. Feni iliendelea. Alisimama na vile vitu viwili kiganjani, na chai ikapoa juu ya paa la gari. Hatukuwa na muda wa kubishana na feni. Tuliondoka.

Hospitalini nesi alimpima mama joto la mwili, akakung'uta kipimo, akapima tena. Akatuuliza kama gari letu lina kiyoyozi kikali. Nilimwambia gari letu lina bahati kuwa na madirisha. Hakucheka. Alisema tumfunike mama vizuri zaidi, mwili wake umeshuka kupita kiasi, na damu ya mtu namna hiyo mashine inaihangaikia. Tulimfunika mablanketi. Hayakusaidia kitu.

Wiki ile nilianza kumkosa mama ndani ya nyumba. Nikitoka jikoni, kitanda chake kitupu. Nikitazama uani, yumo garini, ameketi kiti cha nyuma, mlango umefungwa, jua la mchana linachoma bati la gari kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja. Na feni inazunguka. Mama aliyekuwa akihitaji kushikwa ili aende msalani, alikuwa akifika garini peke yake. Nilifungua mlango nikiwa tayari kumgombeza kama mtoto, na hewa iliyonipiga usoni ilikuwa baridi.

"Mama, shuka. Utakufa na jua."

Alinisogezea mdomo sikioni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Anasema aligonga sana," alinong'ona. "Anasema hawakumfungulia."

Nilimbeba. Sijawahi kumbeba mama yangu kabla ya siku hiyo. Tulipotoka garini feni ilipunguza mwendo, ikazunguka mara chache kwa uvivu, ikasimama.

Kaka alilipeleka gari kwa Kobe siku hiyo hiyo, nasi tukiwa ndani, kwa sababu mama hakukubali kubaki. Kobe hakuuliza maswali. Alichomoa plagi ya feni yenyewe, ile inayoleta moto kutoka kwenye betri, akaning'iniza waya hewani. Feni ilizunguka. Akatoa betri nzima, akaiweka chini kwenye vumbi mbele yetu. Feni ilizunguka.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, bila kuondoa macho kwenye rejeta. "Mwambie mama ashuke."

Mama alishuka. Feni ikasimama.

Kaka akaketi mahali pake. Hakuna kitu. Mimi nikaketi, nikijiambia mimi ni mtu wa futi na mkasi. Hakuna kitu. Mama akarudi. Kabla sijamfungia mlango, ikaanza.

Ndipo Kobe alipotueleza habari ya yule bwana. Gari lake liliacha njia likaangukia ubavu kwenye korongo, mahali ambapo mtu wa barabarani haoni. Hakuumia sana. Milango ilijipinda ikabana, madirisha yakagoma, na jua lilikuwa kali. Kobe ndiye aliyeitwa aje na kamba kulivuta. "Ndani ya vioo palikuwa na alama za viganja, kila mahali," alisema. "Injini imezimwa, betri imepasuka, asidi yote chini. Na feni ilikuwa inazunguka. Nilijiambia ni upepo."

"Kwa nini hukutuambia?" kaka aliuliza.

"Ningekwambia, ungeacha kuichukua?"

Kaka aliinama, akaokota spana iliyokuwa vumbini, akampa.

Kobe aliifungua feni mbele ya macho yetu, akaibeba kwa kitambaa kama mtu anayebeba kitu cha moto, akaenda kuirudisha kwenye lile gari ilikotoka, chini ya turubai. Mbele ya rejeta yetu pakabaki uwazi, ukichungulia unaona ardhi. Kobe alitueleza namna ya kusafiri bila feni. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa njiani unatosha kupoza rejeta. Feni kazi yake ni pale unaposimama. "Ondokeni mapema, msisimame. Mkilazimika kusimama, washeni hita ya ndani mpaka mwisho, ilivute joto la injini. Mtaoga jasho, lakini mtafika."

Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali. Mama alikuwa amevimba uso, macho mistari miwili. Hakukuwa na la kujadili. Tulimwongezea blanketi, nikaketi mbele na kaka, tukaondoka. Nilifarijika, nakiri. Feni tumeshaitoa, sasa kuna nini tena? Mama alikuwa kimya nyuma, anatazama mashamba, na mara moja aliniuliza kama nimekumbuka kufungia kuku. Nilisema ndiyo. Nilikuwa sijakumbuka.

Tulikuwa tumepita nusu ya safari tulipokuta foleni. Lori lilikuwa limelala katikati ya barabara mbele huko, na ubavu wa mlima upande huu na korongo upande ule havikuacha pa kupita. Hakuna kurudi, nyuma yetu magari yalishajipanga. Jua lilikuwa utosini.

Mshale ukaanza kupanda.

Kaka aliwasha hita mpaka mwisho. Hewa ya moto ilitumwagikia magotini. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka kope zinanata. Harufu ya mpira unaoungua ilianza kuingia. Kaka alizima injini, akangoja, akaiwasha ili asogee kidogo, akaizima. Mshale haukushuka. Ulifika kwenye nyekundu ukasimama pale.

"Tukiiunguza hapa," kaka alisema, "mama hafiki."

Ndipo tuliposikia. Vuuuu. Polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Mbele yetu, chini ya boneti.

Mshale ukashuka. Niliuona kwa macho yangu ukishuka, kama mtu anauvuta kwa kidole.

Kaka alitoka akafungua boneti. Alisimama ameishikilia kwa mikono miwili, na kupitia ule upenyo chini yake niliona uso wake. Aliniangalia. Alitikisa kichwa. Hakukuwa na feni. Mlio ulikuwepo.

Kisha nikasikia baridi shingoni.

Haikuwa upepo. Upepo hukupita. Hii ilikuwa inavuta. Ilianza shingoni, ikashuka mgongoni, ikaingia mikononi. Vidole vilikufa ganzi. Nilitaka kufungua mlango, mkono haukunyanyuka. Nilitaka kuita, hewa haikutoka. Jasho lililokuwa usoni mwangu liligeuka maji ya barafu. Nilielewa, kwa namna ambayo siwezi kuipima kwa futi yoyote, kwamba mama alikuwa ameishiwa joto, na yule aliyekuwa akilivuta joto lake alikuwa anatafuta kwingine.

Nyuma yangu mama alisema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kutugombeza tukiwa wadogo, lakini chini sana:

"Huyo mwache. Huyo ni kifunga mimba wangu."

Kimya.

"Njoo huku, mwanangu. Njoo. Mimi nipo."

Baridi ikaniachia. Nilivuta pumzi kwa kelele, kama mtu aliyetolewa majini. Honi zilianza kulia nyuma yetu, foleni ilikuwa inasogea. Kaka aliangusha boneti, akaruka ndani, akaondoa gari. Mlango wake haukufunga vizuri na hakuna aliyejali.

"Mama," nilisema. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka.

"Nipo."

Mshale ulikaa katikati. Barabara ilifunguka. Mlio chini ya boneti haukunyamaza, hata tulipokuwa mwendo kasi, ingawa mwendo kasi hauhitaji feni. Niliita tena tulipopita kituo cha mafuta.

"Mama."

"Nipo, mwanangu. Amelala."

Niliita mara ya tatu tulipoona geti la hospitali. Hakujibu. Na mlio ulikuwa umekoma, sijui ulikoma wapi.

Kaka alisimamisha gari na ndipo tulipogeuka, wote wawili kwa pamoja. Mama alikuwa ameketi wima, macho yamefumbwa, uso umetulia na uvimbe umepungua. Alikuwa amejifunika nusu tu ya khanga na blanketi. Nusu nyingine alikuwa ameitandaza upande wa pili wa kiti, na pale palipokuwa patupu nguo ilikuwa imeinuka, imefuata umbo la mabega ya mtu aliyemlalia. Kaka alifungua mlango. Nguo ikashuka taratibu mpaka ikalala juu ya kiti.

Mhudumu aliyekuja na kitanda cha magurudumu alimgusa mama, akaondoa mkono haraka. Alituuliza tulikuwa tumemhifadhi kwenye jokofu la wapi. Kaka alimwambia tumetoka kuzungumza naye sasa hivi, pale kituo cha mafuta. Yule mhudumu alitazama jasho letu, akatazama gari lililokuwa linafuka joto, akamfunika mama uso kwa khanga. Nesi aliyemzoea mama alitoka na kulia waziwazi. Mimi sikulia siku hiyo. Nililia baadaye, nilipokuta kuku wetu wote uani, hakuna aliyekuwa ameliwa, na sikuwa na mtu wa kumweleza.

Wiki ya mazishi ilipopita, ndugu wa yule bwana walipatikana. Kobe alitutumia habari kwamba wamekuja, wamefungua milango wenyewe, na mwanamke mmoja mzee amekaa pembeni mwa lile gari kutwa akiongea peke yake. Kobe aliomba nasi tufanye hivyo kwa gari letu. Tulifanya. Tulifungua milango yote minne na boneti, tukaliacha wazi tangu asubuhi mpaka jua likazama, kisha kaka akatoa betri, akafunga milango, akalifunika. Nilidhani yamekwisha. Hata nilirudi cherehani.

Ni kaka aliyeniita. Alinyanyua turubai upande wa kiti cha nyuma.

Kwenye kioo, kwa ndani, palikuwa na ukungu wa pumzi. Alama mbili, zimekaribiana. Moja ilikuwa juu, usawa wa mdomo wa mtu mrefu akiketi. Nyingine ilikuwa chini yake, usawa wa mtu mdogo, wa kimo cha mama. Hakukuwa na baridi asubuhi ile, wala umande. Tulisimama tukitazama, na zile alama zilikuwa zikipungua kidogo, kisha zinajaa tena. Zinapungua. Zinajaa. Hazikuwa zinakwenda pamoja.

Zipo mpaka leo. Nimemwambia kaka auze gari kama vyuma chakavu, na kila nikimwambia anasema nitauza, nitauza, na hauzi. Kila asubuhi kabla ya kazi huingia humo na kitambaa safi. Nimemchungulia mara nyingi. Anafuta ile ya juu, anaikandamiza na kuisugua mpaka kioo kinalia.

Ya chini haigusi.